Kijiko cha Mukene

Akech aliacha nyama mwezi wa tano, na baba yake hakuwa na wa kumlaumu, maana ni yeye mwenyewe aliyempeleka machinjioni.

Byron Owuor alikuwa fundi wa majokofu. Alitoka Ugenya, kule Kenya, akaja Kampala na mkewe Loice wakati binti yao alikuwa bado anatambaa, wakapanga vyumba viwili na jiko Ntinda, nyuma ya barabara ya maduka. Loice alifariki Akech akiwa na miaka kumi. Alianza kwa uchovu, kikafuata kizunguzungu, kisha midomo ikapauka. Walipomfikisha hospitali waliambiwa damu imepungua mno, na ile ya kumwongezea ilipatikana ikiwa imechelewa. Tangu siku ile neno damu lilimkaa Owuor kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Sasa Akech alikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa likizo, na Owuor alikuwa ameitwa kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio moja ya pembeni mwa jiji. Hakupenda binti yake ashinde peke yake, akamwambia waende wote. Akech akakaa karibu na lango kumsubiri. Likaja lori la ng'ombe kutoka upande wa Mbarara, na ndani yake mlikuwa na ng'ombe aliyevunjika mguu njiani. Wanaume walimvuta mkia, wakampiga fimbo asimame, na hakuweza kusimama, na jambo lile liliendelea karibu saa nzima. Owuor alipotoka na spana zake alimkuta bintiye ameshika uzio kwa mikono miwili. Jioni Akech alikula ugali mkavu, akaiacha nyama kwenye bakuli. Siku ya tatu akamwambia baba yake, kwa upole kama mtu anayeaga, kwamba hatakula tena nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa.

"Hata omena?" Owuor aliuliza. Omena ni wale dagaa wadogo wa ziwani ambao Waganda huwaita mukene, na hakuna Mjaluo aliyelelewa bila hao.

"Hata omena, Baba."

Owuor alijiambia huo ni utoto, utapita. Haukupita. Na tatizo lilikuwa kwamba yeye katika maisha yake alijua kupika vitu vitatu tu, samaki wa kukaanga, mchuzi wa nyama na mayai. Ukiondoa hivyo vilibaki ugali, sukuma wiki na maharage, basi wakala maharage Jumatatu hadi Jumapili. Siku moja alitoka kazini na pakiti ya vipande vikavu vya soya, vile watu huviita nyama ya soya, akavichemsha kwa chumvi, vikawa na ladha ya boksi lililonyeshewa. Akajaribu kutia maziwa ya soya kwenye chai ya moto, yakakatika yakaelea mabongemabonge. Akech alivila na kuvinywa bila kulalamika, na huko kutolalamika ndiko kulikomtia baba yake hofu zaidi, kwa sababu alikuwa anakula kidogo, vijiko viwili vitatu, kisha anasema ameshiba. Sketi ya shule ikaanza kumpwaya, akaibana kwa pini. Owuor akawa anamkagua kwa kuiba. Alipopokea kikombe alimtazama kucha, alipocheka alimtazama ndani ya ukope wa chini kama kuna wekundu.

Dada yake Owuor, Aluoch, alipiga simu kutoka Kisumu kila Jumapili. Alisema msichana wa umri ule anapoteza damu kila mwezi, sasa ya kuifidia itatoka wapi, kwenye majani? Alisema watu watanena kwamba ndugu yake ameshindwa kumlisha mtoto mmoja. Yote aliyoyasema, Owuor alikuwa ameshajiambia mwenyewe tangu asubuhi.

Kisha Jumapili moja kanisani, wimbo ukiwa katikati, Akech alishika benchi la mbele, akakaa. Alisema ni joto tu. Lakini Owuor aliiona midomo yake, na ile midomo alikuwa ameiona kabla.

Kesho yake alimpeleka kwenye kliniki ndogo ya mtaani, kwa nesi Zulaikha, mwanamke wa maneno machache aliyewajua tangu Akech akiwa mdogo. Zulaikha alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akasema tisa nukta nne. Akaeleza kwamba msichana kama yeye anatakiwa kufika kumi na mbili, kwamba damu imepungua lakini si ya kutisha, kwamba wasichana wengi wanaokula nyama huja na kipimo kama hicho. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, na vingine vya vitamini B12, ambayo alisema haipatikani kwenye mimea na asiache kuvimeza. Akawaelekeza wale mboga za majani na jamii ya kunde pamoja na kitu kichachu kama ndimu au chungwa, na chai isinywewe pamoja na chakula. Warudi baada ya wiki nne.

Yote hayo Akech aliyasikia. Baba yake alisikia tisa nukta nne tu. Akauliza kama haingefaa mtoto alazimishwe kula maini.

Zulaikha alimtazama msichana, kisha akamtazama yeye. "Anaweza kupona bila maini. Ila si kwa maharage ya kuchemsha peke yake. Jifunzeni kupika."

Wiki ileile Owuor aliitwa kazini Nateete, karibu na soko, ambako Bibiane alikuwa na kibanda cha chakula. Bibiane alikuwa Mkongo wa Uvira, mkimbizi wa miaka mingi, na watu walimwita Mama Ulrich kwa jina la mwanawe wa kwanza. Friza lake lilikuwa limeacha kugandisha. Owuor aliingiza kichwa ndani ya friza, na humo ndani, mahali ambapo hakuna aliyemwona uso, akajikuta anasimulia yote.

Bibiane alicheka, lakini si kwa dharau. "Papa Akech, kwetu kuna watu wanaona nyama Noeli na Pasaka tu. Na hawakufa."

Akamkalisha kwenye kigoda na kumfundisha. Nyama ya soya huiloweki kwa maji baridi, unaimwagia maji ya moto, unaingoja ivimbe, halafu unaikamua kama nguo hadi maji machafu yatoke, ndipo uikaange na vitunguu, kitunguu saumu na nyanya mpaka ikauke kando kando. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, unaichemsha muda mrefu bila kuifunika hadi harufu ya ubichi iishe, ndipo utie karanga zilizosagwa na mawese kidogo. Uyoga usiuoshe kwa maji mengi. Alimfungia sombe iliyokwisha twangwa, akamwambia aanze na hiyo.

Owuor alianza na hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano Akech aliomba aongezwe. Jumamosi wakaenda wote soko la Nakasero. Akech ndiye aliyechagua. Walinunua uyoga, mboga ya nakati, karanga za kusaga, ndimu, na simsim iliyopondwa ikawa laini kama siagi, ile ambayo Waacholi huiita odi, kwa ajili ya kupaka mkate. Walisimama wakala kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, na Akech akaomba juu yake waongezwe parachichi. Alikuwa anacheka na midomo ina mafuta. Kama Owuor angerudi nyumbani wakati ule, pengine kusingekuwa na la kusimulia.

Lakini Akech alitangulia kutafuta machungwa, na Owuor akapita mbele ya meza ya samaki wakavu. Pale palikuwa na vipakiti vya unga wa mukene, ule ambao akina mama huwatilia watoto kwenye uji. Muuzaji alikuwa anamwambia mteja mwingine kwamba mtoto akila huo hakosi damu. Owuor alisimama. Moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi kabla hata hajaiba. Kisha akanunua pakiti moja, akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa koti, akamfuata binti yake kwenye machungwa.

Aliuficha unga ule kwenye kopo la grisi lililokwisha, ndani ya sanduku la vifaa vyake. Kila jioni, Akech akiwa anasoma, alichota kijiko kimoja akakitia kwenye mchuzi wa karanga. Karanga huficha mengi. Siku ya kwanza alikaa mbele ya sahani yake hajaigusa, akimtazama bintiye anavyotafuna.

"Leo umepatia, Baba," Akech alisema.

Ikawa hivyo kila siku. Na kadiri siku zilivyokwenda, Akech alizidi kuchangamka, pini ikaondoka kwenye sketi, na baba yake akazidi kukonda kwa wasiwasi. Alikuwa anakimbilia kuosha sufuria kabla mtu hajainusa. Alijisugua vidole kwa ndimu. Binti akiingia jikoni ghafla, yeye aliangusha kitu. Alijiapiza ataacha kipimo kikifika kumi na mbili, kisha akajiuliza, je, akiacha na kipimo kikashuka? Atalazimika kutia unga ule maisha yake yote, mpaka Akech aolewe?

Jioni moja, wakila, Akech alimwambia kwamba rafiki yake shuleni alijaribu kuacha nyama, wazazi wakamchapa. "Mimi nilidhani utanipiga vita," alisema. "Asante, Baba." Owuor akajibu kwamba si kitu, akainuka kwenda kuosha sufuria.

Ni Akech aliyetaka Bibiane aalikwe. Alisema haiwezekani mtu awafundishe kupika na wao wasimlishe. Basi Bibiane akaja Jumapili mchana, amejifunga kitenge kipya, amebeba chupa ya pilipili. Mezani palikuwa na matoke, sombe, uyoga, na bakuli la mchuzi wa karanga. Akech alimpakulia mwenyewe, akimweleza kila sahani, kwamba yote ni mimea, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Bibiane alionja mchuzi. Akatulia. Akameza, akainua macho, akamtazama Owuor. Kisha Bibiane akamgeukia msichana, akamwambia sombe yake imeiva vizuri kuliko ya wasichana wengi wa Uvira. Mchuzi hakuugusa tena.

Owuor alimsindikiza hadi barabarani. Walipofika mbali na nyumba, Bibiane alisimama.

"Papa Akech, mimi napika tangu mtoto. Unga ya ndagala, hii mukene yenu, naijua."

Owuor akajieleza. Alieleza juu ya Loice, juu ya midomo, juu ya tisa nukta nne. Alisema mengi, na Bibiane alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Woga yako naisikia," alisema. "Lakini ule mtoto anakula kwa mkono wako amefunga macho. Siku atayafungua mwenyewe, hatakunywa kwako hata maji." Akasema hatamwambia, si neno lake la kusema. "Lakini mezani kwenu sitarudi mpaka umesema."

Akapanda boda akaondoka. Owuor alibaki pale kando ya barabara, magari yakimpita.

Alikuwa amepanga kusema siku hiyohiyo. Hakusema. Akajiambia kesho, na kesho ikapita. Alijipa sababu kwamba Alhamisi ndiyo siku ya kipimo, heri asubiri. Jioni ya Jumatatu alishika kijiko, akakirudisha ndani ya kopo. Jumanne akakitia tena, kwa kuwa kipimo kilikuwa karibu na aliogopa kushindwa mwishoni.

Alhamisi Zulaikha alisoma kipimo, akatabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kumi na moja kamili. Akech alimshika baba yake mkono kwa nguvu. Walipotoka nje, walikaa kwenye benchi la wagonjwa chini ya dirisha, na Akech akatoa simu.

"Nampigia Shangazi Aluoch. Namwambia ni majani tu yaliyofanya hivi."

Owuor aliweka kiganja chake juu ya ile simu. "Usipige kwanza."

"Kwa nini?"

"Mchuzi wa karanga." Akakiondoa kiganja juu ya simu. "Nilikuwa natia mukene. Wa unga."

Akech alitabasamu, akidhani ni mzaha, akangoja mzaha uishe. Haukuisha. Tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya Nakasero. Kila siku."

Msichana alitazama chini. Mama mmoja aliyebeba mtoto alipita mbele yao akaingia ndani, na wote wawili wakavuta miguu kumpisha.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuambia asante," alisema, na hakumalizia.

"Niliogopa, nyara," Owuor alisema, akimwita binti yangu kwa Kijaluo kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Nilimwona mama yako. Niliona midomo yake."

"Na mimi nilimwona, Baba. Nilikuwepo."

Akainuka akatangulia nyumbani. Owuor alimfuata kwa mbali, hakuthubutu kumfikia.

Tangu siku hiyo Akech alijipikia. Alinunua sufuria ndogo, akaiosha mwenyewe, akaiweka chumbani mwake. Hakumkosea baba yake adabu. Alimwamkia asubuhi, alimjibu alipoulizwa, lakini chakula alikula amefunga mlango. Owuor alikuwa sebuleni na sahani yake, akisikiliza kijiko cha upande wa pili kama kinagusa sahani. Aliogopa sasa asije akaacha kula kabisa. Aliogopa asije akaacha vidonge kwa hasira, akawa anachungulia kasha la vidonge kwenye dirisha la binti kila alipopita, na kila alipochungulia alijiona tena mwizi. Unga uliobaki aliumwaga kwenye pipa la taka.

Siku moja akitoka kazini alipita kwa Zulaikha. Alimweleza alichofanya, akauliza swali lililomsumbua, ni nini kilichopandisha damu, ni unga au ni nini?

"Kijiko kimoja kwenye sufuria ya watu wawili?" Zulaikha alisema. "Vidonge ndivyo vilivyofanya kazi, na ndimu, na kwamba alianza kula akashiba. Huo unga hata usingeutia, kipimo kingekuwa palepale." Akarudi kwenye daftari lake. Owuor alitoka bila kujua kama alichobebeshwa ni nafuu au ni adhabu.

Jumapili Aluoch alipopiga simu kama kawaida, Owuor alimsimulia yote, mlango wa chumba cha Akech ukiwa wazi naye akiwa ndani. Aluoch akafurahi, akasema angalau alipata akili ya kumtilia mtoto kitu. Owuor akamwambia hapana, dada yangu, nilimkosea, na kama ni kuogopa ningemwambia kwamba naogopa. Aluoch akaagana naye mapema siku hiyo.

Wiki zikapita. Kipimo cha tatu kilipofika, Akech alisema anataka kuingia peke yake. Owuor akakaa kwenye benchi lilelile. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Aliingia mzee mmoja, akatoka. Aliingia msichana mwenye mtoto, akatoka, na Akech bado. Owuor alifikiria sababu zote za kukawia, na kila moja ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Akawaza kwamba kama kipimo kimeshuka hatakuwa na haki ya kusema lolote, hata neno maini.

Akech alitoka akiwa ameshika kikaratasi. Hakumpa mkononi, alikiweka juu ya benchi baina yao, akakaa. Kilikuwa kimeandikwa kumi na mbili nukta moja.

"Hiki ni changu," alisema.

"Ni chako," baba yake akasema.

Walirudi nyumbani wakiwa wameongozana. Akech aliuliza kama friza la Mama Ulrich bado linafanya kazi. Owuor akasema linafanya. Akech akasema basi amwambie aje Jumapili, akitaka.

Jua likiwa bado halijatua, Owuor alikuwa sebuleni anafungua mota ya jokofu la watu, aliposikia mlango wa jikoni unafunguliwa na Akech anamwita. Aliingia. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya moto, si ile ndogo. Akech alikuwa amepanga makopo yote mezani, la chumvi, la binzari, la odi, la karanga, na yote yalikuwa wazi. Alikuwa ameyanusa moja moja.

"Kata vitunguu," alimwambia, akamsogezea kisu.

Owuor akakata. Macho yalimwasha, akayafuta kwa mkono wa shati. Alipomaliza alinyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, na Akech akaufuata mkono ule kwa macho, kutoka kwenye kopo hadi sufuriani, mpaka ulipotoka mtupu. Kisha akageuka, akaanza kukoroga.